Utepe wa Zambarau wa Bi. Tolmie

Stara Hora, Saskatchewan
12 Oktoba 1919

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila vidole tu: baridi imewahi mwaka huu na kalamu inaniponyoka. Baba ameniandikia kwamba nyonga yako inakusumbua tena na hutaki daktari. Shangazi, nenda kwa daktari. Ukikataa nitamwandikia Bi. Pringle, nawe unajua mji mzima wa Ardlaw utakuwa na habari kabla ya saa ya chai.

Bendera mliyotuletea inapandishwa kila asubuhi, na picha ya Mfalme nimeitundika juu ya ubao. Waambie wenzako kwamba inaheshimiwa kupita walivyotarajia. Mama mmoja wa hapa ameivisha taulo lililotariziwa, kama wanavyozivisha picha za watakatifu nyumbani kwao, na wenzake wakiingia darasani wanajipigia ishara ya msalaba. Nimeshindwa kuwakataza.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Nina mwanafunzi, Nastia Oleksiuk, ana miaka kumi na sita. Miaka yangu saba hapa sijapata kuona kichwa kama kile. Nikiumwa ndiye anayefundisha, na watoto wanamtii kuliko mimi. Anataka kwenda chuo cha ualimu, Saskatoon. Nimesoma kwenye jarida lenu kwamba Umoja wa Wanawake wa Taji utawasomesha watoto wa askari waliokufa vitani, kwanza wale wa shule mnazozilea, na kwamba tawi la Ardlaw litapiga kura Siku ya Dola, sikukuu ya himaya, tarehe 24 Mei. Shule mnayoilea ndiyo hii.

Tatizo ni baba yake. Ni yule Hnat Oleksiuk niliyekuletea mwaka 1914, mavuno yalipoungua na jua, aje atafute kazi kwenye kiwanda chenu cha majiko. Nilimpa barua yenye anwani yako. Tangu masika ya 1916 hajulikani alipo. Watu hapa wanasema yuko Montreal na mwanamke mwingine. Wewe ndiye mwenyekiti: mtoto ambaye baba yake hajulikani yuko hai au amekufa mnaweza kumfikiria? Na je, uliwahi kupata habari za Hnat?

Wako,
Marjory


Ardlaw, Ontario
3 Novemba 1919

Marjory mwanangu,

Marahaba. Nyonga ni yangu na nitaiuguza mwenyewe. Baba yako ana mdomo.

Sisi hatujambo. Kabichi zimekubali mwaka huu. Nimevuna thelathini na moja, nyingine kubwa hata hazikuingia kwenye pipa, ikabidi nizigawe kanisani, na bado mchungaji akasema zina funza. Hazina funza. Nilimkatia moja katikati mbele ya mke wake, akaona mwenyewe, na hakuomba radhi.

Bamba la shaba limewekwa ukutani kanisani, lina majina arobaini na moja ya vijana wetu. Jumamosi ya kwanza ya mwezi kila mwanamke anasugua jina la mtu wake. Wenye majina tunavaa utepe wa zambarau na kukaa mstari wa mbele. Bi. Pringle ana majina mawili, maskini, na anayasugua kwa limau, kitu kinachoharibu shaba, lakini nani atamwambia? Mimi nasugua langu moja, la yule mpangaji wangu.

Kuhusu msichana wako, kanuni ni kanuni. Baba awe amekufa vitani, jina lake liwe kwenye orodha ya jeshi, na mtu mwenye heshima zake aape kwamba anamjua. Na nikwambie ukweli, wenzangu hawatafurahi kusikia jina kama hilo. Juzi tu watu wa Galisia, kama hao wa kijiji chako, walikuwa raia wa Austria, na Austria ilikuwa adui.

Kuhusu huyo mtu wa majiko, wengi walipita mjini miaka ile.

Shangazi yako,
Effie Tolmie


Stara Hora
30 Novemba 1919

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa mchungaji. Mimi sijambo. Theluji imefika dirishani.

Kabichi umeziandikia aya nzima. Hnat umempa mstari mmoja. Mimi ni mwalimu, Shangazi, nazijua insha za watoto wasiotaka kujibu swali.

Juzi msichana mmoja alimwambia Nastia uwanjani, “Baba yako kapata watoto wapya, wanaongea Kifaransa.” Nastia akamjibu, “Basi watakuwa na akili kukushinda wewe.” Wote wakacheka. Nilimkuta baadaye kwenye banda la kuni analia hadi kwikwi. Mama yake, Yavdokha, naye hajui ajiite mke au mjane. Akienda dukani wanawake wananyamaza.

Mimi ndiye niliyemtuma Hnat kwako. Nikimwona Yavdokha ananiangalia, najua anawaza hilohilo. Kwa hiyo nakuuliza wazi: alikuja mlangoni kwako au hakuja?

Marjory


Ardlaw
6 Januari 1920

Marjory,

Heri ya mwaka mpya. Baba yako amepata mafua na anajiona wa kwanza duniani kupata mafua.

Alikuja. Nilimpa chai. Nilimsaidia kupata kazi.

Nimewatumia vitabu kumi na viwili kwa treni. Usiniulize tena jambo hili.

E. Tolmie


Stara Hora
1 Februari 1920

Shangazi,

Shikamoo. Vitabu vimefika salama, watoto wanashukuru, Nastia ameshamaliza vitatu. Mimi mzima.

Nakuuliza tena, na sababu ni hii. Jana Yavdokha alinivuta chumbani, akafunga mlango, akatoa nyuma ya picha ya Bikira Maria barua ambayo hajawahi kumwonyesha mtu. Ni ya Hnat, ya Machi 1916, ya mwisho. Anasema: “Nimepata njia. Usiniandikie tena kwa jina langu na usimwambie yeyote, watanifunga. Nikifika nitakujulisha. Lolote likitokea, yule bibi wa Ardlaw anajua.”

Miaka minne huyu mama amekaa kimya akiogopa kumfungisha mumewe. Vita vimekwisha ndipo akathubutu kunionyesha.

Bibi wa Ardlaw anajua nini, Shangazi? Baada ya mitihani ya Mei, kama hakuna chuo, Nastia anakwenda Yorkton kufua mashuka ya hoteli. Kazi ameshaipata. Anajifanya ameifurahia.

Marjory


Ardlaw
28 Machi 1920

Marjory mwanangu,

Nimeanza barua hii mara nne. Kila nilipoanza na salamu niliishia kwenye nyonga. Leo hakuna salamu.

Hnat alikuja vuli ya 1914 na barua yako. Kiwanda kikamchukua. Jumapili alikuwa anakuja kunipasulia kuni, na hakutaka malipo, alitaka nimfundishe kusoma gazeti. Alisoma kwa sauti kubwa kama anagombana nalo. Nilimzoea. Nilikuwa napika nyama ya kutosha watu wawili bila hata kufikiri.

Masika ya 1915 Umoja wetu uliandika barua kiwandani kudai raia wote wa Austria wafukuzwe. Uzalendo, tulisema. Wanawake thelathini na watatu tulitia saini. Barua yenyewe iliandikwa kwa mkono wangu, kwa sababu mimi ndiye mwenye mwandiko mzuri.

Alipofukuzwa alikuja kwangu, kofia mkononi. Akasema, “Mama, polisi wanataka niripoti kwao kila mwezi kama mwizi. Wewe unanijua. Andika tu karatasi kwamba unanijua.” Nikamwambia, “Siwezi, Hnat. Nina nafasi yangu kwenye Umoja.” Akasema, “Haya, Mama,” akaenda. Kuni alizokuwa ameanza kupasua alizimalizia kwanza.

Machi 1916 kikosi cha Ardlaw kiliondoka. Umoja tulijipanga stesheni kugawa soksi. Katika mstari wa tatu alisimama Hnat, amenyoa masharubu, amevaa sare ya Mfalme. Kwa jina lake wasingempokea, wangemfungia kambini na maadui wengine. Akanyoosha mkono, nikampa soksi. Akasema, “Asante, Mama.” Wajibu wangu ulikuwa kupiga kelele. Sikupiga.

Oktoba ikaja telegramu. Imeandikwa kwangu, Bi. E. Tolmie, ndugu wa karibu wa askari George Hartwell, aliyeuawa Courcelette, Ufaransa, tarehe 15 Septemba. Nilidhani wamekosea nyumba. Halafu nikaona jina hilo mbele yangu, kwenye mlango wa jiko langu: HARTWELL, chapa ya kiwanda. La kwanza alichukua la Mfalme, la pili la jiko. Na walipomuuliza ndugu yake ni nani, asingeweza kumtaja mkewe, akanitaja mimi.

Bi. Pringle akaingia wakati uleule. Alikuwa amempoteza mtoto wake wa kwanza mwezi uliotangulia. Akaiona karatasi, akanikumbatia, “Effie, hata wewe!”

Unajua sikujaliwa mtoto. Miaka miwili ya vita nilikaa mstari wa nyuma nikishonea watoto wa wenzangu, nikiambiwa, “Wewe Effie huwezi kuelewa.” Nikasema alikuwa mpangaji wangu, alikuwa kama mwanangu. Nikavishwa utepe. Mwaka uliofuata nikapewa uenyekiti.

Nilijua ana mke. Nilijua ana mtoto. Anwani yao nilikuwa nayo, ni yako. Kila mwezi nilisema nitaandika mwezi ujao, na kila mwezi ikawa aibu kubwa zaidi. Hiyo ndiyo sababu, na ni mbaya, sina nyingine.

Telegramu ipo ndani ya bahasha hii. Ni ya Yavdokha tangu mwanzo.

Effie


Stara Hora
18 Aprili 1920

Shangazi,

Sisi wazima.

Nilikwenda kwao siku hiyohiyo. Nilimsomea Yavdokha telegramu, halafu barua yako, neno kwa neno, na Nastia akatafsiri pale nilipokwama. Yavdokha aliuliza swali moja tu: “Hakukuwa na mwanamke?” Nikamwambia hakukuwa na mwanamke. Akakaa chini juu ya ndoo iliyokuwa mlangoni, akafunika uso kwa aproni, akalia vile watu wanavyolia wakishusha mzigo. Nastia alisimama katikati ya chumba. Kesho yake shuleni alimwendea yule msichana wa maneno, akamwambia, “Baba yangu amekufa vitani,” akarudi kukaa.

Sijui kama nimekusamehe. Nimejaribu kuandika kwamba nimekusamehe nikaichana karatasi. Nimejaribu kuandika kwamba sitakusamehe kamwe, nayo nikaichana. Nimekasirika mpaka nimeota upele.

Lakini hasira yangu haimpeleki mtu chuo. Serikali haitamtambua Yavdokha kama mjane, wala Umoja wenu hautamtambua Nastia, mpaka mtu aape kwamba George Hartwell na Hnat Oleksiuk ni mtu mmoja. Duniani kote mtu huyo ni mmoja tu, na ni wewe. Itabidi usimame mbele yao wote na ueleze ulijuaje. Maombi ya Nastia nimeyaweka humu, nimeyajaza vizuri. Pa saini ya shahidi pako wazi.

Kura ni tarehe 24 Mei.

Marjory


Ardlaw
26 Mei 1920

Marjory mwanangu,

Salamu nyingi kwako, na kwa Yavdokha na Nastia kama watazipokea. Nyonga mbaya, nilikwenda kwa daktari, amesema nisisimame muda mrefu. Nimesimama muda mrefu.

Siku ya Dola ukumbi ulijaa. Wasichana walivaa kama nchi za himaya, kila mmoja na ngao yake, na New Zealand alikula keki nyingi akatapika mbele ya jukwaa. Tukasafisha, tukawatoa watoto, tukafunga mlango kwa mkutano.

Nikasoma maombi ya kwanza, ya pili, halafu ya Nastia. Bi. Pringle akasema, “Jina gani hilo, Effie? Halimo kwenye bamba letu.”

“Limo,” nikasema. “Mnalipita kila Jumapili.”

Nikawaeleza. Mlangoni, stesheni, telegramu, yote. Nilikuwa nimeshika meza. Nilipofika mwisho nikavua utepe nikauweka juu ya daftari la Umoja, nikaona sikuwa na cha kufanya na mikono.

Kelele zilizofuata usiombe. Mmoja akapaza sauti, “Ulimficha adui!” Mwingine akamjibu, “Adui gani? Kafia Courcelette na kaka yako!” Wa tatu akadai nishtakiwe. Bi. Pringle alikuwa kimya tu, na yule mwanamke hanyamazi hata usingizini.

Mwishowe akasema, “Effie. Ile siku jikoni nilikukumbatia.”

“Ndiyo, Agnes.”

“Nililia na wewe. Wewe ulikuwa unalia kweli, au ulikuwa unaniigiza?”

“Nilikuwa nalia kweli,” nikasema. “Alikuwa ananipasulia kuni. Nilimfukuza, na bado akaniandika ndugu yake.”

Halafu akasimama, akawageukia wenzake. “Ile barua ya kiwandani mwandiko ni wa Effie, lakini saini ya kwanza ni yangu. Nani humu hakutia saini? Anyooshe mkono.” Hakuna aliyenyoosha. “Tulimkatalia kazi, akaenda kufa pamoja na wanangu. Kama huyo hakuwa mtiifu kwa Taji, basi mimi sijui tumekuwa tukifanya nini humu miaka yote hii. Pigeni kura.”

Kumi na tisa wamemkubali Nastia, kumi na wanne wamekataa. Anakwenda Saskatoon, Marjory. Miaka yote ya chuo, ada na bweni.

Halafu wakapiga kura ya kunivua uenyekiti, na hiyo ilipita bila shida, hata mimi nilinyoosha mkono. Jana nimeapa mbele ya hakimu na karatasi za mjane zimekwenda Ottawa. Nimerudi mstari wa nyuma. Bi. Pringle haongei na mimi, ila ameniambia kupitia mtu mwingine kwamba Jumamosi niende kusugua kama kawaida, bila utepe, na nisithubutu kusema neno kuhusu limau.

Kuna jambo nataka kumwambia Yavdokha na nimelikosea kila nilipoliandika. Mwambie nimekosa. Sina namna nyingine ya kulisema.

Shangazi yako,
Effie


Stara Hora
4 Julai 1920

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Na pole ya nyonga, na hongera ya daktari. Ngano imefika kiunoni na haijaona barafu wala nzige, kwa hiyo watu wote hapa wanatembea wakinong'ona wasije wakaiamsha bahati mbaya.

Nastia alipoipata barua ya Umoja aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akasema, “Sawa.” Kisha akatoka nje, nikasikia ukelele uliofukuza kuku wote wa jirani. Hoteli ya Yorkton itafute mfuaji mwingine. Ameanza kunisahihisha herufi zangu ubaoni, na sijui nitamvumilia vipi mpaka Septemba.

Nilimfikishia Yavdokha maneno yako. Alinipa unga wa kukanda, nikakanda, ndiyo namna yake.

Jumapili iliyopita tulimfanyia Hnat ibada ya wafu. Sikujua hapo kabla kwamba kila nyumba hapa ina kijitabu chake kanisani, ukurasa mmoja majina ya walio hai, mwingine ya waliokufa, na padri huyasoma yote kwa sauti ayaombee. Miaka minne Yavdokha amemwacha Hnat kwenye ukurasa wa walio hai. Kila Jumapili alisomwa hai, na majirani wakigeuka kumtazama. Safari hii nilimwona mwenyewe akimhamisha, kwa wino, taratibu, herufi baada ya herufi.

Padri akasoma waliokufa, na Hnat akiwemo, kanisa zima likaimba. Halafu akafungua ukurasa wa walio hai wa nyumba ileile. Akasoma: Yavdokha, Nastia. Akasita kidogo, akasoma jina la tatu: Yevfimia.

Nikamnong'oneza Yavdokha, “Yevfimia ndiye nani?”

“Shangazi yako,” akasema. “Nimemuuliza padri, kasema hilo Effie kwetu ndiyo Yevfimia.”

Nadhani nilianza kulia, maana alinipiga kiwiko.

“Usifurahi sana,” akasema. “Nimemwandika kwa penseli. Aje hapa mwenyewe, akae mezani kwangu, anieleze mume wangu alikuwa anapasuaje hizo kuni, alikuwa anasoma nini gazetini, alikula nini. Anieleze yote. Nikimsikia ndipo nitajua kama nichukue wino.”

Shangazi, treni inafika Yorkton Jumanne na Ijumaa. Nitakuja kukupokea na gari la farasi.

Marjory